Mwanachuo Aliye Mbali na Kwao



Nimeombwa nizungumze nanyi habari za mwanachuo aliye mbali na kwao. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaojiandaa kuwa waalimu, na kwa ajili ya kazi hiyo nimeishi karibu na wanachuo kwa miaka mingi, mabweni yao yakiwa hatua chache tu kutoka mlangoni pangu. Watu wa nyumbani huzijua siku mbili za mwanachuo: siku ya kuondoka, sanduku linapofungwa kamba na mama anaposimama stendi mpaka basi lipotee machoni, na siku ya kurudi, wadogo zake wanapomkimbilia njiani kumpokea mzigo. Siku zilizo katikati hawazijui. Nami nataka kuzisema hizo, maana ndizo nyingi, tena ndizo ambazo vijana wengine huharibikiwa na jamaa zao wasipate habari mpaka mambo yamekwisha.

Safari hizi si jambo jipya katika nchi zetu. Makerere, kule Kampala, ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Baadaye ikawa chuo kikubwa, na vijana wa Kenya, Tanganyika na Unguja wakawa wakiiendea. Mwaka 1945 ndipo wanawake wa kwanza walipopokelewa, nao walikuwa 6 tu. Fikirini mabinti 6 katika chuo ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha wanaume!

Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alikwenda shule ya Tabora mwaka 1937. Siku zile mtu wa Musoma aliyetaka kufika Tabora aliweza kwenda kwa meli ziwani hadi Mwanza, kisha akapanda gari la moshi, kwa kuwa reli ya Mwanza ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 1928. Mwaka 1942, mwaka wake wa mwisho pale Tabora, baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alifariki dunia. Mwaka uliofuata kijana akaenda Makerere kujifunza ualimu, akamaliza 1945. Na mwaka 1949 akavuka bahari kwenda Edinburgh, katika Uskoti, asirudi hata 1952. Habari ya baba yake nimeitaja kwa makusudi, na mbele kidogo mtaona sababu.

Basi tumfuate mwanachuo wa siku hizi. Hufika chuoni na sanduku la bati, godoro, ndoo, chandarua na kufuli. Bweni ni chumba kirefu, vitanda viwili viwili, kimoja juu ya kingine. Usiku wa kwanza hakuna anayelala vema. Mmoja anakoroma, mwingine anaongea usingizini lugha ambayo wenziwe hawaijui, na yule wa kitanda cha juu anageuka-geuka mpaka mbao zinalia. Kabla jua halijachomoza kengele inapigwa. Watu wanajipanga kwenye bomba la maji, kila mtu na ndoo yake; kisha wanafagia, wanakunywa uji, wanaingia darasani. Kijana aliyezoea kuamshwa na mama yake kwa upole, au na jogoo, huiona kengele ile kama adui. Baada ya mwezi mmoja haisikii tena; huamka mwenyewe kabla haijapigwa.

Chakula ndicho kinachosemwa kuliko mambo yote. Katika vyuo vyetu wanachuo wana mzaha wao, kwamba leo ni ugali na maharage, na kesho, kwa kubadilisha, ni maharage na ugali. Chakula hicho si kibaya, nami mwenyewe hukila bila manung'uniko. Lakini mtu aliyekulia Bukoba, ambaye kwake mlo usio na ndizi si mlo, hukaa mbele ya sahani yake kama mgonjwa. Mtu wa pwani hutafuta nazi katika kila kitu na haioni. Msukuma huvumilia kwa wiki tatu, halafu usiku hufungua mfuko wake wa michembe aliyofungiwa na shangazi, akaitafuna polepole. Mtu asidhani huu ni ulafi. Mdomo una kumbukumbu zake, na mara nyingi kijana haanzi kuwakumbuka watu wa kwao kwa nyuso zao, bali kwa harufu ya jiko.

Kwa hiyo kifurushi kinachotoka nyumbani ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani. Nimepata kuona senene waliokaangwa wakifika kutoka Bukoba katika kopo la maziwa ya unga. Mwenye kopo aliwagawia wenzake wote wa chumbani. Kijana mmoja wa Kilwa alipoona ni wadudu alitoka mbio mpaka uwanjani, na bweni zima likacheka. Mwisho wa muhula huo ndiye aliyekuwa akiuliza, "Je, kopo jingine halijaja?" Tangu siku ile wawili hao walikuwa wakisoma pamoja, na nasikia kwamba hata sasa huandikiana.

Liko jambo jingine la wiki za mwanzo, ambalo laonekana dogo. Wengi wetu Kiswahili tumejifunza juu ya lugha za nyumbani, na ulimi una desturi zake. Yuko asemaye "kura" badala ya "kula", na yuko asiyeweza kutamka "dhambi" wala "thamani". Wenzake humcheka. Hawana ubaya, ni ujana tu. Lakini nilipata kuwa na mwanachuo aliyechekwa hivyo siku ya tatu tu tangu afike, naye hakufungua kinywa darasani tena kwa muhula mzima. Huyu alikuja kujifunza kusema mbele ya watoto! Ilitubidi kumwanzisha upya, kwanza asome kwa sauti peke yake chini ya mwembe, kisha mbele ya rafiki mmoja, kisha watatu. Nawaambia vijana mtakaokwenda vyuoni: mkimcheka mtu kwa chakula chake atawacheka kwa chenu, na mtakuwa mmelipana. Kwa ulimi wake msimcheke.

Sasa nije kwenye fedha. Mwanachuo mpya mara nyingi hajapata kushika fedha nyingi maishani mwake, ila zile za ada, na hizo alizishika kwa safari moja tu, kutoka mkononi mwa baba mpaka mkononi mwa karani. Leo amepewa fedha za matumizi ya muhula mzima. Anajiona tajiri. Wiki ya kwanza ananunua viatu, wiki ya pili anawakaribisha marafiki chai na maandazi, na wiki ya tano anaomba kukopa sabuni.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme kijana hutumia shilingi 1,500 kila jioni kwa chai na kitu cha kutafuna, kwa kuwa chakula cha bwaloni hakikumshibisha, au hakikumpendeza. Mwezi mmoja ni shilingi 45,000. Miezi minne ni 180,000. Hakuna baba ambaye angempa mtoto wake shilingi 180,000 na kumwambia, "Hizi ni za maandazi." Lakini zimekwenda hivyo hivyo, na kijana mwenyewe ukimwuliza ziko wapi ataapa kwamba hakununua kitu chochote. Naye hasemi uongo, maana hakumbuki.

Nimemwona binti mmoja ambaye fedha zake alizifunga katika vitambaa vitatu, kimoja cha mwanzo wa muhula, kimoja cha katikati, kimoja cha nauli ya kurudi. Kitambaa cha nauli alikishona kwa sindano, ili akitaka kukifungua iwe taabu. Wenzake walimfanyia mzaha wakamwita Benki. Mwisho wa muhula watatu kati ya hao walikopa nauli kwa Benki.

Zamani fedha zilitumwa kwa hawala ya posta, au alipewa mtu mwaminifu aliyesafiri. Tangu mwaka 2008 katika Tanzania watu wanaweza kutuma fedha kwa simu ya mkononi, na jambo hilo ni faraja kubwa. Mtoto akiugua usiku, asubuhi ana fedha za dawa. Lakini faraja hii ina upande wake mwingine. Fedha zinazokuja kidogo kidogo, leo elfu tano, kesho kutwa elfu tatu, huyeyuka kama umande, kwa sababu hazina kazi zilizopangiwa. Tena simu hiyo hiyo inayoleta fedha inakopesha pia, na kijana hukopa bila kumtazama mtu machoni. Yule mwenye duka wa zamani alikuwa na uso, alikukunjia ndita, ukaona haya. Simu haikunji uso. Nionavyo mimi, yafaa mzazi atume mara mbili au tatu kwa muhula, kwa siku zinazojulikana, na kijana naye apeleke hesabu.

Habari ya hesabu yataka busara. Baba akisema, "Nipe stakabadhi za kila kitu," atapewa stakabadhi, na nyingine zitakuwa za kutungwa. Mama akiuliza tu, "Huko kwenu kipande cha sabuni ni bei gani? Na nyanya je?" ataambiwa ukweli wote, kwa kuwa kijana anapenda kusimulia maisha yake kwa mtu anayetaka kuyajua.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wengine hupata mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wao wenyewe fedha hiyo huiita bumu, neno ambalo sitalieleza, ila siku inapoingia mtasikia kelele toka mabwenini mpaka barabarani. Msidhani yote huishia katika viatu na muziki. Wengi hupeleka sehemu yake nyumbani.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa nyumbani hawalijui kabisa. Mwanachuo anajua ng'ombe yupi aliuzwa kwa ajili yake. Anajua rangi yake. Kama mdogo wake ameachishwa shule ili ada yake ipatikane, hilo pia analijua, hata kama hakuna aliyemwambia. Hukaa darasani na ujuzi huo kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, asiyeweza kugeuka upesi. Ziko faida, maana hatachezea masomo. Lakini uko wakati mzigo huo unampindua.

Nitawapa habari ya kijana mmoja. Wanachuo wa ualimu hupelekwa katika shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha. Huandika azimio la kazi na andalio la somo, hutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi na vifuniko vya chupa, na saa mbili kasoro husimama mbele ya watoto ambao humwita Mwalimu, ingawa usiku wake alilala kitanda cha juu akihesabu sarafu. Kijana huyo alikuwa hodari sana. Siku ya nane ya mazoezi, akifundisha Darasa la Tatu kujumlisha, alishika ukingo wa meza, kisha akaanguka. Watoto walidhani ni mchezo wa somo, wakapiga makofi. Pale zahanati daktari hakuona malaria wala homa. Aliona njaa. Katika mazoezi kila mwanachuo alipewa fedha za chakula cha mchana, naye kila siku alikuwa akizituma kwao, akikaa chini ya mti wakati wenzake wanapokula, akisema kwamba amefunga. Kwao walimshukuru sana. Walidhani ana ziada.

Nilipomwuliza kwa nini hakuwaeleza, alinijibu, "Mwalimu, wangeniambia nisitume. Na mdogo wangu angefukuzwa shule." Jibu hilo halina kosa lolote katika hesabu. Nilibaki kimya. Tulifanya tulichoweza: tulimtafutia kazi ya jioni katika bustani ya chuo, kwa malipo madogo, ili kile anachotuma kisitoke tumboni mwake.

Mnaona basi kwamba nyumbani na chuoni watu hufichana, na hufichana kwa sababu ya kupendana. Simu inapigwa Jumapili jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Masomo je?"

"Yanakwenda vema. Na nyumbani hawajambo wote?"

"Wote ni wazima, usiwe na wasiwasi. Wewe soma."

Hajala, na nyumbani si wote walio wazima. Zamani barua ilichukua wiki mbili au tatu, na mtu aliyeketi kuandika alikuwa na nafasi ya kufikiri. Mistari ya kwanza ilikuwa ya salamu kwa kila jamaa, jina kwa jina, lakini kufika ukurasa wa pili ukweli ulianza kutoka. Simu haina ukurasa wa pili. Salio linakwisha palepale kwenye salamu. Mimi huwashauri wanachuo wangu waandike barua moja kwa kila muhula, ya karatasi, hata kama wana simu mbili. Wachache hunitii.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusema nanyi, nalo ni habari za msiba.

Iko desturi iliyoenea sana kwetu. Mtu akifariki nyumbani, na mwanachuo yu karibu na mitihani, wazee huketi na kusema, "Mtoto asiambiwe. Amalize mitihani kwanza." Sina haja ya kuwatetea wazee hao, maana nia yao ni njema na kila mtu aiona. Ada imekwisha kulipwa. Safari ni ya siku mbili kwa basi. Mtihani hautungwi upya kwa ajili ya mtu mmoja. Na maiti hazikwi mara mbili. Akija amechelewa atakuta nini? Ni maneno ya watu wazima, yenye uzito.

Lakini sikieni habari ya binti mmoja wa mwaka wa pili. Yeye alilelewa na bibi yake tangu kunyonya. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili aliomba kusema na bibi. Jumapili moja, wiki tano kabla ya mitihani, aliambiwa, "Bibi amelala." Jumapili iliyofuata aliambiwa, "Bibi amelala tena, unajua uzee." Ya tatu, aliyeshika simu alikuwa mdogo wake, ambaye hakuwa amefundishwa vema la kujibu, naye alisema, "Bibi amekwenda shamba." Bibi mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, ambaye kwa mwaka mzima hakuvuka ua, amekwenda shamba!

Binti huyo aliniambia baadaye kwamba tangu saa ile alijua. Lakini hakuuliza. Angewezaje kuuliza? Kuuliza kungekuwa kuwaambia wazazi wake kwamba ni waongo. Basi alinyamaza, nao walinyamaza, akasoma usiku na mchana, akafanya mitihani yote akiwa na msiba ambao hakuna aliyempa. Hakuweza kulia, maana wenzake wangemwuliza analilia nini. Hakuweza kuvaa nguo ya msiba wala kupewa pole. Alifaulu, na jina lake lilikuwa la nne katika orodha.

Alipofika kwao alikuta kaburi limekwisha kuota majani. Matanga yalikuwa yameanuliwa zamani, wageni wamekwenda zao, vyombo vya kuazima vimerudishwa. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kulia. Yeye ndiyo kwanza anaanza. Alilia peke yake katika nyumba ambayo watu walikuwa wakitwanga, wakicheka na kugombana kama siku zote. Akarudi chuoni na dosari ambayo sikuona dawa yake: mama yake akimwambia kwa simu kwamba wote ni wazima, hasadiki. Akiambiwa kwamba baba amelala, hutetemeka. Mara mbili aliomba ruhusa katikati ya muhula, akatumia nauli yote aliyokuwa nayo, kwenda tu kutazama kwa macho yake kama baba yu hai. Alimkuta akipalilia mihogo.

Hiyo ndiyo gharama ya kuficha, na haiandikwi katika orodha ya matokeo.

Nimeona pia namna nyingine. Kijana mmoja wa Uhehe alifiwa na mama yake siku kumi na mbili kabla ya mtihani. Baba yake mdogo hakumpigia yeye. Alimpigia mwalimu mlezi, usiku, akamweleza. Mwalimu alingoja asubuhi. Alimwacha kijana anywe uji wake kwanza, kisha akamwita pamoja na rafiki zake wawili, akamwambia kwa maneno machache, bila kuzunguka-zunguka. Mchana ule ule wanachuo walichanga rambirambi na nauli. Jioni, kijana akiwa amekaa juu ya sanduku lake akingoja basi la usiku, alikuja Mngoni mmoja, na mnajua kwamba Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu zao. Mngoni akamtazama sana, akamwuliza kama siku hizi Wahehe hulia kabla ya kula au baada ya kula. Mwalimu mmoja mgeni alikasirika, akataka kumfukuza. Lakini kijana alicheka, kisha akalia, kisha akala. Utani una kazi ambayo vitabu vyetu vya ualimu havijaigusa.

Alizika, akarudi siku ya tano, akafanya mtihani. Alama zake za Hisabati zilishuka kidogo. Hakuna aliyemlaumu, wala yeye hakujilaumu.

Nilitaja mwanzoni kwamba Julius Nyerere alifiwa na baba yake mwaka 1942 akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 1943 alikuwa Makerere. Vijana wanaweza kubeba habari nzito kuliko tunavyowadhania. Kinachowashinda ni kubeba shaka, kwa kuwa shaka haina mazishi.

Sisemi kwamba kijana aambiwe kila jambo saa ile ile. Kama mtihani ni kesho asubuhi, aufanye, aambiwe saa sita mchana. Kama ni mtihani wa siku tatu, pengine wazee na mwalimu washauriane. Lakini wiki tano! Hapo hatumlindi tena mtoto. Twalinda ada yetu.

La kufanya si gumu. Kabla kijana hajaondoka nyumbani, achaguliwe mtu mzima mmoja katika ukoo, mwenye moyo uliotulia, awe baba mdogo, awe mjomba, awe shangazi. Huyo apewe nambari ya mwalimu mlezi, na mwalimu apewe nambari yake. Jambo likitokea, hao wawili ndio wasemezane kwanza. Na kijana mwenyewe aambiwe mbele ya wote, "Fulani akikuambia kwamba sisi ni wazima, basi tu wazima kweli, na kama sivyo, yeye ndiye atakayekuambia." Nimewaona wanachuo ambao kwao wamepatana hivyo. Hulala usingizi. Njia hiyo ifuatwe pande zote mbili: kijana naye akilala njaa, au akifukuzwa darasani kwa ada, au akiugua, amwambie mtu huyo, hata kama mama hawezi kumwambia.

Neno dogo limebaki, juu ya likizo. Kijana anaporudi, kijiji kizima humngojea. Huyu ana barua yake ya kusomewa, huyu ana shauri la shamba, yule ataka kujua kama kweli ameonana na wakubwa. Mabinti hukuta masufuria yote yamewekwa tayari yawangojee, na wavulana huulizwa wameleta nini. Naye amesafiri siku mbili akiwa amekaa wima, na kabla ya hapo alikesha wiki mbili kwa mitihani. Amekonda, msimwambie mara ya kwanza mnapomwona, anajua. Mkimwona amekaa kimya barazani msidhani ana kiburi cha elimu. Anasikiliza jogoo, na masikio yake bado yangoja kengele.

Mpikieni kile alichokiota. Mwacheni alale siku mbili bila kuamshwa. Siku ya tatu mpeni jembe.